Tulipokelewa na Wale Tuliowaita Wakimbizi

Masomo: Matendo ya Mitume 18:1-3, Luka 19:1-10

 

Tunawasalimu kutoka Luberizi, kando ya barabara inayotoka Uvira kwenda Kamanyola na Bukavu. Makanisa yalifungwa mwezi wa tatu mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na ndugu wa redio walituomba tutoe neno. Tumerekodi kwa simu chini ya mwembe, kwa hiyo mkisikia jogoo, mvumilieni, yeye hajafungiwa. Anayesoma ni mmoja, lakini tuliandika wawili, mume na mke, na pale tulipobishana tumeacha maneno ya mke.

Sisi ni wageni hapa. Kwetu ni Kasulu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Mume alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu. Sasa ana miaka 65. Mke ana miaka 61, ni mshonaji wa nguo. Tuna watoto wanne, wote wana nyumba zao. Mwezi wa nane mwaka 2019 kanisa letu lilituwekea mikono, likatutuma huku kwa miaka miwili tukasaidie kufundisha watoto wa shule ya Jumapili na akina mama. Ndugu zetu wengine walicheka. Walisema mmisionari ni kijana, nyinyi mnakwenda kuzikwa ugenini. Tuliwajibu kwamba Ibrahimu aliitwa akiwa na miaka 75. Jibu hilo lilikuwa zuri sana mpaka tulipofika.

Tuanze na Matendo 18. Paulo anaingia Korintho, mji wa wageni, hana mtu. Anakutana na mume na mke, Akila na Prisila, nao hawana muda mrefu tangu wafike kutoka Italia. Kwa nini walitoka? Kwa sababu Kaisari Klaudio alikuwa ametoa amri Wayahudi wote waondoke Rumi. Basi hawakuondoka kwa hiari, walifukuzwa. Walifungasha walichoweza kubeba, wakaanza upya katika mji mwingine kwa kazi ya mikono, kushona mahema. Na Paulo, kwa kuwa kazi yake ni hiyohiyo, akakaa kwao na kufanya kazi nao.

Sisi tumelisikia neno hili tangu ujana wetu. Mume amelifundisha mara nyingi ubaoni. Lakini hatukuwahi kuona jambo moja lililo wazi kabisa pale: mtume mkubwa wa mataifa, alipofika Korintho, alipokelewa na wakimbizi. Wao ndio waliokuwa na nyumba, yeye ndiye aliyeomba pa kulala. Tumeliona huku Luberizi, na kuliona kwetu kumetuaibisha. Tutawaeleza.

Safari yenyewe haikuwa ndefu. Unatoka Kasulu, unavuka mpaka Manyovu, unaingia Burundi, unapita Nyanza-Lac na Rumonge ukiliona ziwa mkono wa kushoto, unafika Bujumbura. Halafu Gatumba, mpaka mwingine, na tayari uko Uvira. Ukipanda tena gari kwenda kaskazini, unapita Runingu na Sange, unafika Luberizi. Kwa macho si mbali. Milima tunayoiona asubuhi ng'ambo ya Ruzizi ni ya Burundi, na nyuma ya Burundi ndiko kwetu. Lakini ukishavuka tu Manyovu gari linahamia upande wa kulia wa barabara, na saa inarudi nyuma saa moja.

Hiyo saa ilituletea ugomvi wa kwanza. Mwalimu alikataa kurudisha saa yake. Alisema amekaa na saa ya Tanzania maisha yake yote, hawezi kuibadilisha kwa ajili ya miaka miwili, atakuwa anapunguza kichwani. Wapendwa, hakupunguza. Jumapili ya kwanza tulifika kanisani saa nzima kabla ya watu, tukakaa kwenye benchi la mbele kama wanafunzi waliofukuzwa nyumbani, na Mama akanuna. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Jumapili ya tatu Mama alitoka peke yake kwa wakati wa watu. Jioni ile Mwalimu akairudisha saa nyuma bila kusema neno. Mnacheka, lakini mtu anaweza kuhama kwa miguu na kubaki kwao kwa saa.

Tulikuja tukiamini Kiswahili ni kimoja. Tulikuwa tunasema, afadhali sisi, wale wamisionari wa Sweden waliokuja Kongo mwaka 1921 walianza na lugha kutoka sifuri, na wenzao wa Norwei waliofungua Kaziba mwaka 1922 vivyo hivyo, sisi tunakwenda kwa ndugu. Ni kweli kwamba ni ndugu. Hata makanisa yetu ya Kipentekoste ya Tanzania yana mizizi kwa Waswidi, walioanza kazi kwetu mwaka 1932. Lakini siku ya pili tu watoto walimsalimia Mwalimu, "Jambo, Papa!" Kwetu papa ni samaki mwenye meno. Alisimama akaangalia nyuma yake.

Kisamvu hapa ni sombe. Mchicha ni lengalenga. Dumu la maji ni bido. Kwaya ni korali. Hayo unajifunza kwa wiki moja. Yaliyotuponza ni maneno tuliyodhani tunayajua. Jumapili moja mzee wa kanisa alisimama akatangaza, "Sasa tutatosha sadaka." Mwalimu akasikia kwamba sadaka inatosha, akairudisha noti yake mfukoni, akakaa ametulia huku kapu linapita. Kumbe kutosha huku ni kutoa. Watu wote walitoa, mmisionari kutoka Tanzania akatazama tu. Alikwenda kumwomba mzee radhi baada ya ibada. Mzee akacheka mpaka akakaa chini.

Kuna lingine lilitufundisha adabu. Katika tambarare hii wako Wafuliiru, wako wanaosema Kirundi, na wengine. Kiha chetu na Kirundi ni karibu lugha moja, hivyo Mwalimu alifurahi mno sokoni, akawa anaongea na kucheka na wale aliowaelewa, na wengine anawapungia mkono tu. Mzee yuleyule alimvuta pembeni. Akasema, "Papa Mwalimu, hapa lugha ni kama nguo. Watu wanaangalia umevaa ya nani. Kwanza utumie Kiswahili." Hakueleza zaidi, na sisi hatukuuliza. Baadaye tulijua ni damu kiasi gani imemwagika huku kwa sababu ya nani ni wa wapi. Tangu siku ile tunatumia Kiswahili kwanza, hata kile kibovu.

Fedha je? Dola huku inapita kama franka, tulibadilisha kwa yapata franka 1,650 kwa dola moja. Noti ya franka 500 inaweza kuwa imechoka kama kitambaa cha kufutia meza, inapokelewa. Dola ikiwa na mpasuko mdogo pembeni, inakataliwa na kila mtu. Tulifika na dola 20 yenye mpasuko usiozidi ukucha, na mpaka leo iko ndani ya Biblia, katika kitabu cha Ayubu.

Joto la bondeni tulilisikia kwa mwili, sisi watu wa baridi ya Kasulu. Miezi ile ya kwanza tulilala milango ikiwa wazi na neti imefungwa pande zote. Maji tunachemsha, kwa sababu kipindupindu katika tambarare hii si habari ya kusimuliwa. Umeme hakuna, tunachaji simu kwa jirani mwenye paneli ya jua. Mke alikuja na cherehani ya mkono kutoka nyumbani, tumeibeba mapajani mipaka miwili, kwa mpango wa kuwafundisha akina mama kushona. Wiki ya kwanza alikwenda kuwatazama wale wanaoshona pale barabarani. Akarudi kimya. Akasema, "Mume wangu, wananizidi. Yule kijana anakata blauzi bila kupima." Basi alikwenda kukaa nao kama mwanafunzi, na mpaka leo anajifunza kwao mishono ya mabega ambayo hata Kasulu hatuna. Mpango wa kufundisha uliishia hapo.

Nyumba tuliyopewa iko katika uwanja wa mama mjane, mshirika wa zamani wa kanisa. Hatutataja jina lake, hakupenda. Ana miaka sabini na kitu. Siku tulipofika alikuwa ameshachemsha maji ya kuoga. Mke alipotaka kusonga ugali alikatazwa kabisa: mgeni hapiki. Tukala kwake siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Sombe yenye mawese, wali wa mashamba ya hapahapa, ndagala. Tulianza kuona haya, maana sisi ndio tumetumwa kuleta, na tulikuwa na fungu kidogo la kanisa kwa ajili ya wenye shida. Mwalimu akajaribu kumpa Mama huyu fedha ya chakula. Alizitazama zile franka, akazikunja, akazirudisha mfukoni mwa shati la Mwalimu mwenyewe, akasema, "Papa, kula."

Wapendwa, mtu aliyezoea kutoa hajui kula. Tulikuwa tumeishi miaka arobaini tukiwa upande wa wanaogawa. Tulipokaa upande wa kupokea, chakula kilipita kwa shida. Usiku tulikuwa tunanong'onezana hesabu: leo ametulisha kiasi gani, tutamlipa vipi, tusije tukawa na deni. Hatukujua kwamba deni lilikuwepo kabla hatujafika.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Mke alikuwa amefua, ameanika nguo kwenye kamba, na kati ya hizo kitenge chake cha zamani, anachojifunika usiku. Kimepauka lakini maua yake bado yanaonekana. Mama mwenye nyumba akapita na ungo wake, akasimama. Akaishika ncha ya kitambaa. Akauliza, "Hii kikwembe, muliuza wapi?"

Mke akajibu, "Hatujaiuza, Mama. Si ndiyo hii?"

Akauliza tena, polepole, kama mtu anayesema na mtoto. Na mke naye akajibu tena kwamba hajauza kitu. Mpaka mjukuu wake akatufafanulia: huku kuuza ni kununua. Kuuzisha ndiko kuuza kwenu. Anawauliza mlinunua wapi.

Tukanyamaza wote wawili, maana tulijua tulinunua wapi.

Lazima turudi nyuma. Mwaka 1996 vita ilipoanza huku Kivu ya Kusini, watu walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, wengi mno, wakafika Kigoma. Serikali yetu pamoja na Umoja wa Mataifa wakafungua kambi ya Nyarugusu, katika wilaya yetu ya Kasulu. Mwalimu alikuwa anafundisha upande wa Makere, si mbali na kambi. Tuliwaona kila siku. Hatukuwaita Wakongomani, wala washirika, wala kwa majina. Tuliwaita wakimbizi. Sheria haikuwaruhusu kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo mwenye kuuza kitu aliuza karibu, haraka, kwa yeyote, na kwa bei ya yeyote. Sisi ndio tuliokuwa yeyote.

Mwaka 1999 msichana mmoja alikuja mlangoni kwetu na kitenge kipya ambacho hakijakatwa. Alitaka unga. Mke alimpa sado mbili za unga wa muhogo. Msichana alisimama kidogo kana kwamba anangoja kitu kingine, halafu akaondoka. Bei ile hata sisi tulijua haikuwa bei. Tulisema, "Angalau tumemsaidia." Mwaka uleule Mwalimu alinunua bati sita kutoka kwa mtu mwingine wa kambini kwa fedha ambayo hapendi kuitaja. Krismasi ile mke alivaa kitenge kile kanisani, na mchungaji wetu akahubiri juu ya kuwapokea wageni, nasi tukasema Amina kwa sauti. Mke ndiye aliyetaka jambo hili la Amina liandikwe. Mwalimu alitaka liachwe.

Hayo yote tuliyakumbuka pale kwenye kamba ya nguo. Mama akaendelea kusema, hakuwa anatushtaki, alikuwa anakumbuka tu. "Hii ni ya kwetu. Ile miaka, kule Uvira, bamama wengi walikuwa nayo. Mimi yangu niliuzisha kule Kasulu. Sababu ya chumvi na unga." Alikaa Nyarugusu miaka kumi na moja. Alimzika mtoto kule. Alirudi mwaka 2007 kwa meli kutoka Kigoma. Anaijua barabara ya Makere kuliko sisi tunavyoijua barabara ya Sange. Miezi mitatu alikuwa anatulisha, na alijua tangu siku ya kwanza kwamba tunatoka Kasulu, na hakusema.

Tulimjibu nini? Tulimjibu kwamba tulikinunua sokoni.

Ndiyo, wapendwa. Wamisionari waliowekewa mikono walisimama uani wakasema uongo kwa mama mwenye nyumba yao. Hatukupanga. Ulitoka kwa mke, na mume akatikisa kichwa kuuthibitisha.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko malaria tuliyopata baadaye. Hatukuweza kuomba pamoja. Mmoja akianza sala, mwingine anasikia tu sado mbili, sado mbili. Mwalimu alisema tukae kimya, ni mambo ya zamani, na tena hatukumwibia mtu, alikubali mwenyewe. Mke alisema, "Mtu mwenye njaa hakubali, anaachia." Alikataa kujifunika kile kitenge tena. Ilikuwa mara ya kwanza tukasema tufunge mizigo, turudi nyumbani, tuwaambie watu afya imekataa. Afya ya Mwalimu kweli ilikuwa na presha, kwa hiyo uongo ule wa pili ulikuwa tayari umeshonwa.

Kilichotuzuia ni Luka 19. Mke alikuwa amepangiwa kufundisha watoto habari za Zakayo, na watoto wa Luberizi wanaupenda ule mti. Alipofika pale Zakayo anaposimama na kusema atawarudishia mara nne wale aliowadhulumu, mtoto mmoja akauliza, "Na wale aliowasahau?" Mke hakuwa na jibu. Alikuja nyumbani na swali hilo.

Basi tulikwenda jioni, wote wawili, tukakaa kwenye mkeka wa Mama, tukasema. Tulisema kitenge, tulisema bati, tulisema hata uongo wa sokoni. Halafu, kwa sababu sisi ni watu wa hesabu, tukaleta malipo: sado mbili mara nne ni sado nane, na juu yake kikwembe kipya tulichonunua Uvira. Tuliviweka mbele yake.

Alikaa muda mrefu. Tuliwasikia mbuzi wakirudi. Halafu akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. Akasema, "Kwani ni mimi nilikuuzishia?" Tukasema hapana. "Basi hii si deni yangu. Mwenye deni yake hamumujui." Unga aliupokea. Aliita majirani, ukagawanywa usiku uleule, alisema unga hauna kosa. Kikwembe kipya aliturudishia. Na akaongeza jambo moja ambalo hatukulitegemea. Alisema, "Mukirudia kwenu, museme hii mbele ya kanisa. Kule kule. Wale walituuza wako wengi, na wanaimba kwenye korali." Neno hilo, walituuza, mlisikie kwa maana ya huku au ya kwetu, yote mawili yanaingia.

Alipomaliza alitupa chakula. Sombe ileile. Tulikula, na kwa mara ya kwanza hatukupiga hesabu.

Wengine mtasema jambo liliishia hapo. Sisi pia tulifikiri hivyo. Mwaka 2020, usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi wa nne, mto Mulongwe ulipofurika Uvira na kubomoa nyumba za watu, familia zilipanda huku kwa ndugu zao. Nyumba ya pili kutoka kwetu alifika mama mmoja na watoto watatu, amevaa nguo ya kuazima. Mke alichukua kile kikwembe kipya akampa. Tulirudi nyumbani tumenyooka migongo, tukamweleza mama mwenye nyumba, tukitarajia aseme sasa yamekwisha. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni sadaka," akasema. "Mumefanya vizuri. Lakini sadaka si kuungama."

Tulilitafakari neno hilo miezi miwili iliyofuata, tena tukiwa tumefungiwa majumbani na muda upo. Zakayo alifanya mambo mawili, na sisi tumezoea kuyafanya moja. Alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, hiyo ni sadaka. Halafu akasema juu ya wale aliowadhulumu, hiyo ni nyingine kabisa. Ya kwanza hukuzidishia heima mbele ya watu, ya pili huiondoa. Na alisema akiwa amesimama, watu wananung'unika, mgeni wake anasikia. Kanisa letu la Kasulu limetoa sana kwa wakimbizi: nguo, sabuni, maombi. Tulikuwa katika kamati. Lakini hatujawahi hata siku moja kusimama tukasema, tuliwanunua kwa bei ya njaa yao. Sadaka ilitusaidia tusiseme.

Na nyinyi wa huku msidhani mmeachwa nje ya somo. Wakati wa vita wako waliohifadhiwa ng'ombe, waliohifadhiwa mashamba, waliohifadhiwa ufunguo wa nyumba, na mwenye mali aliporudi akaambiwa hajulikani. Hatutaji mtu, sisi ni wageni. Lakini tumekaa kwenye mikeka ya kutosha kusikia.

Tarehe 18 mwezi wa tatu mwaka 2020, Rais alipotangaza kwamba ibada zinasimama, watoto wetu walipiga simu usiku uleule. Walisema, rudini kabla mipaka haijafungwa, nyinyi ni wazee, ugonjwa huu unachagua wazee. Tungependa kuwaambia kwamba tulibaki kwa imani. Ukweli ni kwamba tulibishana siku tatu, mmoja akisema twende, mwingine akisema tungoje, na tulipokubaliana kwenda, mpaka wa Burundi ulikuwa umefungwa. Lakini tulipokuwa tunabishana, kila mmoja alijua mwenzake anaogopa nini. Kule nyumbani kuna benchi la mbele, kuna korali, kuna watu walionunua kama sisi, wengine ni wazee wa kanisa wenzetu, na mmoja ana nyumba nzuri yenye bati nyingi. Tukirudi, kuna neno la kusema. Kufungwa kwa mpaka kulitupa nafuu, na tumeiona nafuu hiyo, nayo si nzuri.

Ndiyo sababu tulikubali kusema redioni. Tumeuliza ndugu wa redio kama sauti yao inafika Kasulu, wakasema haifiki. Kwa hiyo hapa tumesema kwa waliouzisha, bado hatujasema kwa walionunua. Huyo msichana wa mwaka 1999, kama alirudi, huenda yuko Uvira, au Fizi, au Baraka, sasa ni mama mtu mzima. Kitenge kilikuwa na maua ya njano na pindo la kijani. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Kama unasikia, Mama, sisi ndio wale wa nyumba yenye mti wa mparachichi, karibu na shule. Tuko Luberizi. Kitenge tunacho bado, kimefuliwa na kukunjwa.

Tunaomba mtuombee, na siku ya kuvuka mpaka ikifika, tusiwe wagonjwa.

Mama mwenye nyumba anapepeta mchele hapo mlangoni wakati tunasoma. Ana redio yake ndogo ya betri, huwa anaifungua kila jioni baada ya chakula. Amesema ataisikiliza hii kutoka mwanzo mpaka mwisho, na tukiruka kitu atatuuliza kesho.

Bwana awabariki.